Sikukuu ya Mtoto Isiyoacha Deni

Karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta katika mji wa Nairobi, kando ya mitaa ya Golf Course na Ngumo na si mbali na Kibera, liko soko liitwalo Kenyatta Market. Watu wengi hulijua kwa mambo mawili, nayo ni nyama choma na ususi wa nywele. Apitaye katika njia zake nyembamba huitwa na wasusi huku na huku, na moshi wa nyama humfuata hata atokapo. Lakini liko jambo la tatu ambalo wapitao hawalitazami. Kila jioni hufagiliwa mabaki ya vitambaa chini ya vyerehani vya mafundi, vipande vya nywele za ususi, na maboksi matupu ya maduka. Kwa mzazi ambaye mtoto wake anakaribia siku yake ya kuzaliwa, vitu hivyo si takataka hata kidogo, bali ni nusu ya sherehe.

Somo hili ni la wazazi na walezi wa watoto wa miaka 2 hata 6. Laeleza jinsi ya kumfanyia mtoto sikukuu yake kwa fedha chache na kwa kazi ya mikono, bila kukopa na bila kuona haya.

DESTURI YA ZAMANI NA YA SASA

Husemwa mara kwa mara kwamba kuadhimisha siku ya kuzaliwa ni desturi ya kigeni. Neno hilo lina ukweli kwa upande mmoja tu. Keki na mishumaa ni vitu vilivyokuja, lakini kukumbuka jinsi mtoto alivyozaliwa si jambo geni katika Afrika Mashariki. Miongoni mwa Wajaluo, Otieno ni jina la mtoto aliyezaliwa usiku, Akinyi ni la msichana aliyezaliwa asubuhi, na Okoth ni la aliyezaliwa wakati wa mvua. Wakamba humwita Mutuku mtoto aliyezaliwa usiku, na Kioko aliyezaliwa asubuhi. Katika pwani, jamaa hukusanyika siku ya arobaini baada ya mtoto kuzaliwa, wakampokea na kumwombea dua. Basi wazee, ingawa wengi wao hawakuandika tarehe, waliikumbuka saa, hali ya mbingu, na watu waliokuwapo.

Siku hizi tarehe imeandikwa katika kijitabu cha kliniki na katika cheti cha kuzaliwa, na kila mwaka hurudi. Hapana ubaya katika kuifurahia. Ubaya uliingia pale sherehe ilipogeuka kuwa mashindano baina ya majirani. Nyumba moja hukodi hema, nyumba ya pili hukodi hema pamoja na jumba la mpira la watoto kurukia, na nyumba ya tatu, ili isionekane nyuma, huingia katika deni. Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ni ya siku moja, lakini matanga ya deni huweza kuchukua nusu ya mwaka.

MFANO WA MSUSI MMOJA

Ichukuliwe mfano wa msusi mmoja wa Kenyatta Market mwenye binti anayekaribia kutimiza miaka 4. Mama huyu hukaa chumba kimoja, na mapato yake hubadilika kila siku, maana wako wateja wa mwisho wa mwezi, na ziko siku ambazo kiti chake hukaa kitupu toka asubuhi hata jioni. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alifanyiwa sherehe yenye hema, muziki, na keki ya ghorofa mbili. Mama akaona haya kwa ajili ya mwanawe. Akanuia kuomba chama chake kimkopeshe shilingi 8,000, azilipe kwa miezi 4, shilingi 2,000 kila mwezi.

Kabla ya kwenda, alimwuliza binti yake jambo moja alilotaka kumfanyia siku hiyo. Mtoto akajibu, “Nyanya aje. Tena nikate keki mimi mwenyewe.” Hakutaja hema wala muziki. Mtoto wa miaka 4 hajui kuhesabu shilingi, wala hajui ni nani katika jirani amemshinda nani. Ajua ni nani aliyekuja, ni nani aliyecheza naye, na ni kitu gani alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe. Mama akauacha mkopo. Ikiwa angelipa shilingi 2,000 kila mwezi kwa miezi 4, hapana budi angelipunguza katika kodi ya nyumba au katika chakula, na aliyepunguziwa angekuwa mtoto yule yule.

KUPANGA FEDHA

Kanuni ya kwanza ni kwamba sherehe ya mtoto mdogo hulipwa kwa fedha zilizokwisha wekwa, wala hailipwi kwa fedha zitakazopatikana baadaye. Msusi yule aliweka shilingi 50 kila siku ya kazi. Kwa juma la siku 6 zikawa shilingi 300, na kwa majuma 5 zikawa shilingi 1,500. Haba na haba hujaza kibaba.

Kanuni ya pili ni kuzigawanya fedha kabla ya kununua kitu cho chote. Mgawanyo ufuatao wafaa nyumba nyingi. Katika kila shilingi 100, shilingi 50 ziwe za keki na chakula, 15 za vinywaji, 15 za gundi, uzi, karatasi na rangi, 10 za zawadi ya mtoto, na 10 za dharura. Kwa shilingi 1,500 za msusi, chakula kilipata 750, vinywaji 225, vifaa 225, zawadi 150, na dharura 150. Mwenye shilingi 600 atagawanya kwa njia hiyo hiyo, na mwenye 5,000 vile vile.

Kanuni ya tatu ni kuhesabu wageni. Mtoto wa miaka 3 huchoka na kulia akizungukwa na watoto 20. Inatosha kualika watoto kwa hesabu ya miaka yake, au kuzidisha mmoja au wawili. Mtoto wa miaka 4 atafurahi na wenzake 4 au 5. Watu wazima wawe wale watakaosaidia kazi, na nyanya au babu asisahauliwe.

KUKUSANYA VIFAA SOKONI

Kazi hii yafaa ianze majuma matatu mbele, na mtoto achukuliwe pamoja na mzazi. Msusi yule alimwendea fundi wa nguo aliye karibu naye, akamsalimu na kumwambia haja yake.

“Fundi, naomba mabaki ya vitambaa. Yale usiyoyataka tu.”

“Chukua, mama. Hayo hufagiliwa jioni. Nitakuwekea ya kitenge kando, maana yana rangi nzuri.”

Katika siku tatu alikuwa amejaza mfuko. Kwenye maduka alipata maboksi matupu. Nyumbani aliweka pakiti za karatasi za maziwa zilizooshwa kwa sabuni na kukaushwa, na soksi kuukuu. Katika kibanda chake mwenyewe aliokota vipande vifupi vya nywele za ususi, vile vilivyokuwa safi na visivyopakwa mafuta. Vijiti vipya vya mishikaki na uzi alivinunua.

Tangu Januari 2019 mtaala mpya wa shule za Kenya umewataka watoto wa madarasa ya awali kujifunza kwa kutenda, na wazazi wengi wamekuwa wakiombwa kutafuta vifaa vinavyopatikana karibu nao. Kwa hiyo mzazi anayekusanya maboksi na vitambaa kwa ajili ya sherehe huwa pia amemtayarishia mtoto masomo yake.

Wala elimu hii si ya jana. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake vilipoanzishwa katika Kenya mwaka 1952, kushona, kupika na malezi ya watoto yalikuwa miongoni mwa mafunzo yake ya kwanza. Na kabla ya hayo yote, watoto wa mashamba walikuwa wakijitengenezea mipira kwa majani makavu ya migomba, na magari kwa waya, bila kufundishwa na mtu.

GUNDI YA UNGA

Si lazima kununua gundi. Twaa nusu kikombe cha unga wa ngano na vikombe 2 vya maji. Koroga unga katika maji kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha maji yaliyobaki, umimine unga ule polepole huku ukikoroga, na uuache motoni mpaka uwe mzito kama uji. Tia chumvi kidogo ili isiharibike upesi. Ikipoa yafaa kutumiwa kwa karatasi na maboksi. Ikinuka vibaya, imwagwe.

Wako wanaofinyanga vitu vya kuchezea kwa unga uliokandwa na chumvi nyingi. Katika nyumba ambamo unga ni wa kuhesabu haifai kufanya hivyo, na tena chumvi nyingi humdhuru mtoto akiula unga huo. Kwa gundi, unga kidogo watosha.

VITU VINNE VYA KUTENGENEZA

Vibendera. Kata vitambaa pembe tatu tatu, kila kimoja urefu wa shubiri moja. Vishone kwa safu katika utepe mmoja mrefu, ukiacha nafasi ya vidole viwili baina ya kimoja na kingine. Hivi huning'inizwa ukutani badala ya maputo. Tena puto hupasuka siku ile ile, lakini vibendera hukunjwa na kuwekwa, vikatumika mwaka ujao na kwa ndugu atakayefuata.

Mwanasesere. Kata vipande viwili vya kitambaa vyenye umbo la mtu, vifanane. Viweke ana kwa ana upande mzuri ukiwa ndani, ushone pembezoni, ukiacha wazi nafasi ya vidole vitatu ubavuni. Kigeuze, kijaze mabaki laini ya vitambaa, kisha ufunge nafasi ile. Macho na mdomo yashonwe kwa uzi. Vifungo visitumiwe, maana mtoto huving'oa akavimeza. Nywele ziwe zile zilizookotwa. Zishonwe fungu kwa fungu, kila fungu likirudiwa mshono mara tatu, kisha zisukwe na kufungwa ncha zake. Zisiachwe zikining'inia ovyo, kwa sababu unywele mmoja ukijizinga kwenye kidole cha mtoto mchanga waweza kuzuia damu isipite. Mama aliye msusi atamsuka mwanasesere vile vile amsukavyo binti yake, na hapo mtoto atajiona yeye mwenyewe katika mwanasesere wake.

Gari. Laza pakiti ya maziwa ya nusu lita. Mtu mzima atoboe matundu mawili kila upande, yaelekeane. Kata miduara minane ya boksi, kila mmoja upana wa sentimeta 5, kisha ugandishe miwili miwili ili kupata magurudumu manne imara. Pitisha vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha kali, na uyagandishe magurudumu kwenye miisho yake. Vijiti vizunguke kwa urahisi katika matundu, la sivyo gari halitakwenda. Mtoto ndiye atakayelipaka rangi na kuchora madirisha. Wengi wa watoto wa Nairobi hawachori gari la kawaida, bali matatu yenye namba ya njia.

Mpira. Jaza soksi kuukuu vitambaa mpaka iwe ngumu, ukunje mdomo wake ndani, na uizungushie vipande virefu vya kitambaa pande zote kabla ya kuishona. Mpira huu hauvunji kitu chumbani, wala haumwumizi mtoto apigwaye nao katika mchezo wa kati.

Katika kazi hizi zote, mtoto apewe sehemu yake kwa kadiri ya umri. Wa miaka 2 aweza kurarua karatasi na kujaza soksi. Wa miaka 3 aweza kupaka gundi. Wa miaka 4 aweza kukata kwa makasi yenye ncha butu. Wa miaka 5 au 6 aweza kupitisha uzi katika matundu yaliyokwisha tobolewa. Kazi yake itapinda, na gundi itachuruzika. Mzazi asimpokonye ili ainyoshe. Kilichopinda kwa mkono wa mtoto chamfurahisha kuliko kilichonyoka kwa mkono wa mwingine.

KEKI YA JIKO LA MAKAA

Keki yaweza kuokwa bila jiko la umeme. Vifaa vyake ni hivi: unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 125, siagi ya kopo gramu 125, mayai 3, maziwa nusu kikombe, na vijiko 2 vya chai vya poda ya kuumulia keki, ambayo si hamira ya maandazi. Ganda la chungwa lililokwaruzwa hutia harufu nzuri.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe laini na nyeupe. Tia mayai moja moja, ukipiga kila mara. Changanya unga na poda, uutie kidogo kidogo pamoja na maziwa. Mimina katika sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kunyunyizwa unga.

Twaa sufuria kubwa yenye kitako kizito, utie mchanga safi mkavu wa kimo cha vidole viwili, uifunike na kuipasha moto kwa dakika 10. Weka sufuria ndogo juu ya mchanga, funika tena, na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Makaa ya chini yawe machache pia, maana moto mkali huunguza chini na kuacha mbichi katikati. Baada ya dakika 40 choma keki kwa kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, keki imeiva.

Kazi hii ifanyiwe nje, au mlango na madirisha yakiwa wazi kabisa. Hewa ya makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa haionekani wala hainuki, lakini huua.

Ya kupamba ni rahisi. Kata katika karatasi namba ya umri wa mtoto, uiweke karatasi juu ya keki iliyopoa, na upitishe kwa chujio sukari iliyotwangwa laini. Ukiinua karatasi taratibu, namba itaonekana nyeupe. Msusi yule alimwachia binti yake kazi ya kuinua karatasi, na 4 yake ikatoka na mkia. Haikurekebishwa.

Pamoja na keki, chapati zilizokatwa vipande vidogo, ndizi mbivu, na maji ya matunda vyatosha. Njugu na peremende ngumu wasipewe watoto walio chini ya miaka 5, kwa kuwa huweza kuwakaba.

SAA MBILI ZA SHEREHE

Mtoto mdogo hawezi kustahimili sherehe ya mchana kutwa. Saa mbili zatosha, na wakati mzuri ni toka saa 9 alasiri hata saa 11, baada ya usingizi wa mchana. Katika miezi ya Machi hata Mei, na Oktoba hata Desemba, mvua za Nairobi zaweza kuharibu sherehe ya uani, kwa hiyo nafasi ya ndani itayarishwe pia.

Nusu saa ya kwanza iwe ya kazi. Kila mtoto apewe utepe wa boksi uliokatwa kama taji, gundi, na bakuli la vipande vya kitenge, naye ajipambie taji lake. Jambo hili huwatuliza watoto wageni wanaoona haya, kwa sababu mikono ikiwa na kazi, aibu hupungua.

Nusu saa ya pili iwe ya michezo. Brikicho, yaani mchezo wa kujificha, hautaki fedha. Mchezo wa “nyama nyama” wafaa sana kwa watoto wanaokaa karibu na soko la nyama. Kiongozi hutaja majina ya wanyama, na watoto huruka akitajwa aliwaye, wala hawaruki akitajwa asiyeliwa. Akitaja mbuzi wote huruka, na akitaja paka, yule aliyeruka huchekwa na wote, naye hucheka pia. Michezo ya kutoa washindwa isizidi, maana mtoto wa miaka 3 akitolewa nje hulia.

Nusu saa ya tatu iwe ya kula, baada ya kunawa mikono kwa sabuni.

Nusu saa ya mwisho iwe ya hadithi na keki. Hapo ndipo desturi ya zamani yafaa kurudishwa. Nyanya, au mzazi mwenyewe, aeleze mbele ya watoto wote siku mtoto huyu alipozaliwa. Ilikuwa usiku au mchana? Mvua ilinyesha? Ni nani aliyempakata wa kwanza, na kwa nini aliitwa jina lile? Katika mfano wa msusi, nyanya alisimulia jinsi alivyotoka nyumbani alfajiri kwa miguu kwenda hospitali, akiwa na chupa ya uji mkononi, akamkuta mjukuu amekwisha zaliwa, na uji akaunywa yeye mwenyewe kwa furaha. Watoto walicheka, na mwenye siku yake akaomba hadithi irudiwe. Zawadi ya namna hii haiuzwi dukani.

Kisha mshumaa mmoja uwashwe na mtu mzima, mtoto auzime, na akate keki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mzazi. Iko desturi ya vijana kummwagia maji aliyetimiza mwaka. Kwa mtoto mdogo haifai, hasa mwezi wa Julai ambapo Nairobi huwa na baridi. Matone machache ya kidole yatosha kuwachekesha.

Kila mgeni aende nyumbani na taji lake na kipande cha keki. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, basi keki ifungwe katika bahasha ya karatasi. Ikiwa bahasha imetengenezwa kwa gazeti, iwekwe karatasi nyeupe ndani, kwa sababu wino wa gazeti haufai kugusa chakula.

TAHADHARI

Kitu cho chote kiwezacho kupita ndani ya bomba la boksi la karatasi ya msalani ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwani aweza kukabwa nacho. Maputo yakitumiwa, watoto wa chini ya miaka 8 wasiachiwe yale yasiyopulizwa wala vipande vya yaliyopasuka. Nywele za ususi na mataji ya karatasi huwaka upesi, kwa hiyo yawekwe mbali na mshumaa, na mtoto avue taji kabla ya kuuzima. Sindano na makasi yahesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi.

MWISHO WA MFANO

Sherehe ya msusi ilipokwisha, shilingi 90 za dharura zilikuwa zimebaki. Jumatatu yake alirudi kibandani, na kodi ya mwezi ililipwa kwa siku yake. Jirani mwenye hema, aliyekuwa amekuja kumchukua mwanawe jioni ile, alimkuta mtoto hataki kuondoka kabla ya gundi ya taji lake kukauka. Akakaa kitako kungojea. Alipoondoka aliuliza, kwa sauti ya chini, jinsi gundi ile ipikwavyo.

Wazazi wengi hudhani kwamba sherehe ndogo yaonyesha mapenzi madogo. Sivyo. Mtoto hupima mapenzi kwa muda apewao na kwa mikono iliyofanya kazi pamoja na mikono yake. Mwanasesere wa mabaki ya kitenge hulala naye usiku ule na usiku wa baadaye, na hakuna mwisho wa mwezi utakaokuja kumdai mama yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA CHAMA

1. Katika mtaa wenu, ni vitu gani safi hutupwa kila siku ambavyo vyaweza kutengenezewa vitu vya watoto?

2. Ukiweka shilingi 30 kila siku kwa siku 6 za juma, utakuwa na kiasi gani baada ya majuma 8? Zigawanye fedha hizo kwa njia iliyoelezwa.

3. Ni kazi gani mtoto wako aweza kuifanya mwenyewe kwa umri alio nao?

4. Ni nani katika jamaa anayekumbuka vizuri siku mtoto alipozaliwa, na je, amekwisha kumsimulia?

5. Chama chenu chaweza kuwa na vibendera, makasi na sufuria ya keki vya kuazimana? Ni nani atakayevitunza?